Tairi za Kumfuata Safina

Buzebazeba, Ujiji
2 Novemba 1997

Mdogo wangu Swaibu,

Salamu za nyumba nzima nimezifunga pamoja, uzifungue mwenyewe ukipata nafasi, maana shida ni kubwa na karatasi ni moja.

Kibali cha Safina kimetoka. Mkuu wa kambi ameandika kwamba ndugu tunaweza kumchukua tukamtibishe Kigoma, mradi twende na gari la kumlaza, na mwisho ni tarehe 15 Desemba. Nacheka na kulia. Dada yako kakatwa kitovu katika chumba hiki ninachoandikia, leo anaombewa kibali cha kuingia Buzebazeba. Ndiyo matunda ya kushuka kwenye boti na wakwe zake kutoka Uvira, Kongo, alikoolewa, na kujiandikisha mkimbizi pamoja nao. Alikataa kuwaacha, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Sasa mwaka umepita, yuko huko mbele ya Kasulu na wanawe wawili, kifua kinambana, na mganga wa kambi anataka apigwe picha hospitali kubwa.

Gari ni pikapu ya marehemu baba. Injini haina neno. Tairi ndizo zimekuwa vipara, nne zote, na moja ina viraka viwili ndani. Nikodemu, yule dereva wetu wa Mwandiga, anabebea dagaa kutoka Katonga kwa mwendo wa bibi harusi, lakini Kasulu amesema haendi nazo, mvua hii na mgonjwa nyuma. Sikumlaumu. Alikuwemo garini siku ile ya ajali ya baba.

Kigoma tairi hakuna. Zikishuka kwenye treni zinachukuliwa na magari ya mashirika kabla hazijagusa ardhi. Magari ya kukodi nayo wameyakodi wao. Mabasi ya Kasulu yanakwama watu wakalala porini, na Safina hana nguvu ya kukaa kwenye kiti cha basi. Wewe unashinda kwenye tairi kutwa. Tupatie nne, za rimu namba kumi na nne. Fedha nimempa jirani yetu Mwinshehe, anakuja na treni hii hii.

Mama hajambo. Anauliza kila jioni kama jibu lako limefika, wakati barua yenyewe bado iko mkononi mwangu.

Dada yako,
Mwamini


Gerezani, Dar es Salaam
10 Novemba 1997

Dada Mwamini, shikamoo.

Na ya Mama umfikishie kwa mikono miwili.

Mwinshehe alifika salama na mzigo wake. Nimezunguka mitaa ya Gerezani na Kariakoo siku tatu baada ya kazi, na nitakueleza nilichokiona usije ukasema nimelala.

Ziko za kubandika, yaani tairi kuukuu iliyovishwa ngozi mpya. Kwa macho ni mpya kabisa. Hizo sizigusi, na unajua kwa nini. Ndizo alizofunga baba, ngozi ikabanduka pale mteremkoni. Ziko za mtumba kutoka Japani, kashata, yaani meno ya tairi, bado nene, lakini nikibonyeza ubavuni ukucha hauingii, mpira umekauka. Tairi huzeeka hata ikiwa imening'inia dukani, dada. Ubavuni kuna tarakimu za wiki na mwaka ilipotengenezwa, na wauzaji wengine huzisugua kwa msasa ili usizisome. Ziko pia mpya za lami, kashata nyembamba, ambazo kwa udongo wa Kasulu ni sawa na kuvaa kandambili kwenye tope.

Ninazozitaka ni za plai nane, yaani tabaka nane za nyuzi ndani, kashata pana, mpira laini. Hizo utatembea miaka mitano ukisahau kwamba gari lina miguu. Dukani kwetu zimekwisha, tajiri anasema meli inaingia mwisho wa mwezi.

Nivumilie. Haraka haraka haina baraka. Kibali kina mpaka tarehe 15 Desemba, na mzigo ukipakiwa mapema Desemba utakufikia kwa siku tatu. Siwezi kumfuata dada yangu kwa tairi zilizomuua baba yangu.

Mdogo wako,
Swaibu


Buzebazeba, Ujiji
17 Novemba 1997

Swaibu,

Umeniletea haraka haraka haina baraka, nami nakurudishia ngoja ngoja huumiza matumbo. Tumelingana, sasa tuzungumze tairi.

Mvua ya mwaka huu haijui kupumzika. Selestini, dereva wa lori la unga wa kambini, ndiye anayenipelekea barua kwa Safina, na hata yeye anafunga minyororo kwenye tairi za nyuma. Anasema Safina amekonda, na akikohoa hushika nguzo ya hema. Yeye mwenyewe ananiandikia kwamba ni kikohozi cha vumbi. Vumbi gani Novemba hii?

Wewe unatafuta tairi ya miaka mitano. Mimi nataka ya siku mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ikishafika mlangoni na ipasuke, tutaipandia mchicha. Nunua hizo za mtumba, uchague zenye ahueni.

Najua unachokiogopa. Wewe hukuwepo siku ile, na nadhani ndiyo maana unaogopa kuliko sisi tuliokuwepo. Lakini baba hatumwokoi tena kwa tairi za Safina. Mama anatandika kitanda cha Safina kila asubuhi, anakung'uta shuka ambalo hakuna aliyelilalia. Mimi namwangalia tu.

Mwamini


Gerezani, Dar es Salaam
24 Novemba 1997

Dada Mwamini, shikamoo.

Umenishinda. Nimechambua marundo ya mtumba mpaka mikono imekuwa ya fundi, nikapata nne. Tatu ni nzuri. Ya nne ina nyufa ndogo ubavuni, hiyo ifungwe nyuma upande wa dereva, na usimruhusu Nikodemu aifunge mbele hata akikuapia. Ziko chini ya kitanda changu, chumba kizima kinanuka mpira na majirani wanalalamika. Treni ya wiki hii behewa la mizigo limejaa mahema ya wakimbizi. Ya Ijumaa tarehe 5 nafasi yetu ipo, rafiki yangu Pastory, gadi wa treni, ameniahidi. Jumapili uwe stesheni.

Dada, ule mkongojo bado uko nyuma ya mlango? Mliniandikia "Baba ameumia kidogo, njoo." Nikashuka Kigoma na mkongojo wa mninga begani, nimeuchagua kwa kimo chake, kumbe mzee ana siku nne kaburini. Sikuwalaumu. Ndivyo tunavyofanya, msiba hauandikwi, mtu huitwa kwa ugonjwa akaukuta msiba mlangoni. Ila tangu siku hiyo barua ya Ujiji naifungua nimekaa chini.

Swaibu


Buzebazeba, Ujiji
28 Novemba 1997

Swaibu,

Selestini amerudi leo. Safina hali yake si nzuri. Usichelewe. Ikiwezekana njoo mwenyewe pamoja na hizo tairi.

Mama yuko hapa pembeni yangu anaisikiliza kalamu, siwezi kuandika zaidi.

Mwamini


Gerezani, Dar es Salaam
4 Desemba 1997

Dada yangu Mwamini,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Usijihangaishe kunificha. Nilipoona "hali yake si nzuri, njoo", nikaelewa, na nilipoona Mama yuko pembeni, nikajua mnamficha na yeye. Mimi ni mtu mzima sasa. Nimeisoma nimekaa chini kama kawaida yangu, na sikuinuka mpaka adhuhuri.

Alikuwa ananiwekea ukoko wa wali, unakumbuka? Anaukwangua kabla nyinyi hamjafika jikoni. Alinifundisha kuogelea Katonga kwa kunishika kidevu, akaniachia bila kuniambia. Nilimwibia hereni nikaipoteza, akachapwa yeye kwa uzembe na hakunitaja. Nilikuwa nangoja aje Ujiji nimwambie ni mimi. Sasa nitamwambia nani?

Nimeomba likizo nije nimlilie kaburini, tajiri amekataa, anasema meli imeingia na kazi ni nyingi. Nitakuja arobaini inshallah. Zile tairi za mtumba nimezirudisha kwa mwenyewe leo asubuhi. Zilikuwa za kuwahi, na hakuna tena cha kuwahi. Nimeandikisha zile za plai nane, ili Nikodemu atakapokwenda kuwachukua watoto wa marehemu aende kwa usalama. Walau hilo nilifanye vizuri.

Mpe Mama mkono wangu. Usinijibu kwamba Safina anaumwa.

Swaibu


Buzebazeba, Ujiji
11 Desemba 1997

Swaibu,

Jana nilikupigia telegramu, natumaini umeipata: SAFINA YU HAI LETE TAIRI. Yu hai. Alikuwa hai nilipokuandikia, na yu hai leo, Selestini kamwona jana kwa macho yake. Niliandika hali yake si nzuri kwa sababu hali yake si nzuri. Tumezoea kudanganyana mpaka siku mtu akisema kweli hana maneno ya kuisemea.

Sikuwepo barua yako ilipoletwa, nilikuwa Katonga kwenye dagaa. Mwanangu Hasna alimsomea Mama kwa sauti, kama anavyomsomea zote, akafika kwenye inna lillahi kabla hajajua anasoma nini. Niliporudi nimekuta mikeka imetandikwa mpaka barazani na kina mama wa mtaa wameshavua viatu. Nimesimama na kapu la dagaa kichwani nawaambia hajafa, hajafa, nao wananipa pole.

Majirani wamekwenda. Mama hajaamini. Nimemwapia, nimeshika msahafu. Anasema, "Wewe ndiye uliyeandika barua ya baba yako." Anaiamini yako, Swaibu, kwa sababu mimi ndiye ninayejulikana kwa kuficha. Amekitandua kitanda cha Safina, godoro amelikunja. Siwezi kumfanya alitandike tena.

Sikukasirikii. Nilikukasirikia siku mbili, zimepita. Zirudie zile tairi. Kibali kinakwisha Jumatatu. Nimempa Selestini barua ya kuomba tuongezewe, na hiyo ya kwako nimempelekea Safina, maana nimeshindwa, labda yeye ataandika kitu Mama atakiamini.

Mwamini


Kambini, Kasulu
14 Desemba 1997

Swaibu mdogo wangu,

Huyu ni marehemu anakuandikia, usitupe karatasi.

Nimesoma rambirambi zangu mwenyewe. Si wengi wanaopata bahati hiyo. Nimemsomea na mama mkwe, naye akaniuliza huyu Safina mwema hivi ni yupi, mbona sisi hatumjui. Nilicheka mpaka nikakohoa, na walipokuja kunishikilia nikawa bado nacheka.

Hereni nilijua ni wewe. Ulikuwa unalala na vidole mdomoni kwa hofu wiki nzima. Nilichapwa viboko vitatu tu, na Mama alikuwa amechoka siku hiyo, havikuuma. Basi hilo lifute. Ukoko nilikuwa nakuwekea kwa kuwa mimi siupendi, hilo nalo lifute.

Wameongeza kibali mpaka tarehe 15 Januari. Nikwambie kweli, kwa kuwa dada Mwamini anasema tuambiane kweli. Ni kifua, na usiku hakinipi nafasi. Wanatujitahidia hapa kwa walichonacho. Siogopi sana. Nachokitaka ni Mama anishike mgongo, apake yale mafuta yake ya mawese yenye chumvi ambayo hayajawahi kumponya mtu. Wanangu nimewafundisha njia ya Ujiji kwa kuwachorea chini: Kasulu, Mwandiga, halafu ziwa linatokea ghafla.

Sijui tairi. Lete zozote zinazozunguka.

Dada yako aliye hai,
Safina


Kilosa, stesheni
30 Desemba 1997

Dada Mwamini, shikamoo.

Telegramu yako niliipata, nikakimbia na kandambili mpaka kwa yule mwenye mtumba. Alikuwa ameshaziuza. Nilipiga magoti kwa mtu aliyezinunua, naye alikuwa ameshazifunga, akanionyesha zikiwa chini ya gari lake zimejaa matope. Hata ile ya nyufa ilikuwa inatembea vizuri.

Zile za plai nane nilizipata tarehe 22. Nimeacha kazi bila ruhusa, nikapanda nazo treni mwenyewe. Tumefika hapa, reli imechukuliwa na maji mbele yetu. Vyuma vinaning'inia hewani na mataruma yake. Hii ni siku ya sita. Nalala juu ya tairi zangu ili zisiibiwe, kesho au keshokutwa Ramadhani inaandama nami niko njiani. Ni tairi nzuri, dada. Nazipapasa kashata gizani. Kila mtu anayepita anazisifu, na kila anayezisifu natamani nimpige.

Kama ningepakia za mtumba ile Ijumaa, Pastory angezifikisha. Treni ile ilipita. Nimehesabu siku kwa kila njia na kila njia inanirudisha kwenye asubuhi ile nilipozirudisha.

Leo nimempata Leodgar, dereva wa lori la sabuni, anazunguka kwa barabara Singida mpaka Kahama halafu Kibondo na Kasulu hadi Kigoma. Ana nafasi ya tairi, ya mtu hana. Nimempa. Mimi narudi Dar kwa miguu na kwa gari lolote, nikaone kama bado nina kazi. Barua hii nimempa yeye huyo huyo.

Barua ya Safina ninayo kifuani. Nakuomba kitu kimoja. Kuanzia leo niandikie wazi. Ukiandika anaumwa nitajua anaumwa. Na likitokea la kutokea uliandike kwa jina lake. Niahidi.

Swaibu


Buzebazeba, Ujiji
22 Januari 1998

Mdogo wangu Swaibu,

Nilikuahidi moyoni siku ile ile nilipoisoma barua yako, ingawa hukusikia.

Leodgar alifika tarehe 12, tairi zote nne. Alikwama siku nane kabla ya Kibondo na hakuziuza, ingawa alitakiwa kuziuza mara nyingi. Mwombee dua. Nikodemu alizifunga jioni ile ile, watu wa mtaa wakija kuzipiga mateke kwa furaha. Alisema hajawahi kukanyagia kitu kama hiki, na kwamba zitatuzika sisi sote zikiwa bado zina kashata. Tuliondoka alfajiri baada ya daku, mimi na yeye, na godoro la Safina nyuma. Mama alikuwa amelikunjua mwenyewe. Alilikunjua akalikung'uta kama zamani.

Ulichagua vizuri, nataka ulijue hilo. Tope lile la milimani, ambapo malori yamelala ubavu, pikapu ya baba ilipanda bila kuteleza hata mara moja. Tulifika kambini tarehe 13 saa tisa mchana, kibali kikiwa na siku mbili mkononi.

Mama mkwe wa Safina alikuwa ametoka kuniandikia. Alinikabidhi barua mkononi badala ya kumpa Selestini. Imeandikwa kwa lugha yetu ile ile ya kuitana kwa ugonjwa.

Tumerudi naye usiku huo na wanawe wote wawili mbele, mkubwa akimwelekeza Nikodemu njia kama alivyochorewa. Mvua ilikuwa imekatika na tairi zilikuwa zinashika, lakini Nikodemu aliendesha polepole mno. Nilimwuliza kwa nini haongezi mwendo. Akasema, "Mama, tunamkimbilia nani?" Nami nilikuwa nyuma kwenye godoro, nimemshika Safina asitikisike kwenye mashimo.

Mama alikuwa mlangoni. Alimshika mgongo, akampaka yale mafuta ya mawese na chumvi, kila mahali alipotaka kupakwa, na hakuna aliyemzuia. Kisha aliniambia kwa upole kabisa, "Nilikuambia barua ya Swaibu ndiyo ya kweli."

Watoto wanalala kwenye kitanda kile. Mdogo anapenda ukoko.

Karatasi hii ni ya nne, Swaibu. Tatu nimezichana. Kila nikifika kwenye lile neno ulilotaka niliandike kwa jina lake, mkono unakataa, na mkono mwingine unaojua kuandika katika nyumba hii ni wa mtoto Hasna, siwezi kumtwika. Nisamehe ahadi yangu.

Safina anaumwa kidogo. Njoo.

Dada yako,
Mwamini